Mama hutoka usiku kutafuta mbuzi tuliowauza zamani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, ni fundi cherehani hapa Mwanza na mama wa watoto watatu. Mama yangu mzazi ana miaka 72. Anaishi kijijini, upande wa Geita, kwa kaka yangu na wifi. Ana presha na kisukari, mwaka wa kumi na zaidi sasa. Metformin, dawa ya kisukari, anameza kila siku, ila dawa ya presha huiruka akijisikia mzima.

Ilianza kama mwaka na nusu uliopita. Anauliza jambo, unamjibu, dakika tano hazijaisha anauliza lile lile. Siku moja alitia chumvi kwenye chai, akainywa, hakusema kitu. Mara mbili maharage yameungua jikoni mpaka sufuria ikatoboka. Miezi miwili iliyopita aliteleza bafuni akagonga kichwa. Hakuzimia, kwa hiyo hatukumpeleka popote, lakini tangu siku ile naona amezidi kuchanganyikiwa, na mchana anasinzia sana.

Wiki tatu zilizopita alitoka saa nane usiku akiwa na gauni la kulalia na khanga moja, akakutwa amesimama kwenye zizi la jirani. Alipoulizwa alisema anatafuta mbuzi wake, wamechelewa kurudi. Shangazi, mbuzi wale tuliwauza mwaka 1998 baba alipofariki. Kwa bahati mbaya ndama wa jirani akafa siku ya pili. Tangu hapo maneno yameanza. Wanasema mama anawanga, wanayataja na macho yake mekundu. Sokoni mtu alimwambia kaka, "Huyo mama yenu mshughulikieni wenyewe kabla watu hawajamshughulikia."

Kaka anasema karogwa, anatafuta pesa ampeleke kwa mganga. Kwa sasa anamfungia chumbani kwa kufuli, na usiku mara mbili amemfunga mguu kwa kamba kwenye kitanda. Wifi anampa Piriton mbili kila usiku ili alale. Mama naye amekuwa na matusi ambayo sijawahi kumsikia nayo maisha yangu yote, na anamwambia wifi kuwa amemwibia vitenge.

La mwisho ni langu mwenyewe. Nampima mteja kiuno, nikigeuka kuandika kwenye daftari namba imepotea. Nimesahau namba ya siri ya simu mara tatu mwezi huu. Tangu haya yaanze nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, nyingine naziwaza. Duka la dawa walinipima presha ikasoma 158 kwa 96, sijarudi tena. Je, nami nimeanza? Naogopa kurithi.

Binti wa Mama, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekuwa muuguzi miaka 29, na nyingi kati ya hizo nimezitumia kwenye wodi wanazolazwa wazee. Nitaanza na lile la sokoni, kwa sababu haliwezi kusubiri hata kliniki.

Hayo si maneno ya mtaani ya kupuuza. Kanda yenu ya Ziwa inajua fika kilichowapata bibi wengi kwa sababu ya macho mekundu na fununu ya jirani. Kwa hiyo kesho mpigie kaka yako, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mtaje maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, siku gani, mbele ya nani. Kisha polisi. Kutishia maisha ya mtu ni kosa hata kama aliyetishia anadai alikuwa anashauri. Ikiwa kuna ndugu kijiji kingine, au wewe mwenyewe Mwanza, unayeweza kumpokea mama kwa wiki mbili tatu, mchukue. Hata hivyo angehitaji kuja mjini kwa vipimo, kwa hiyo safari ina sababu mbili.

Halafu nendeni kwa jirani mwenye zizi. Nendeni mchana, kaka yako awepo, mkampe pole ya ndama. Mwambieni wazi: mama anaumwa ubongo, anapotea njia kama mtoto, tukimkuta kwako usiku tusaidie kumrudisha, na namba yetu ni hii. Mengi ya haya hukua kwa sababu familia inaficha mgonjwa kwa aibu, na pale familia inaponyamaza, kijiji hutafuta maelezo yake chenyewe.

Sasa nikueleze kinachoendelea kichwani mwa mama, ili ukizungumza na kaka yako uwe na cha kumwambia.

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna kipande kidogo kilichojikunja ambacho urefu wake hauzidi kidole. Wataalamu wanakiita hipokampasi. Kazi yake ni kupokea mambo mapya, uliyoambiwa asubuhi, aliyekutembelea jana, ulipoweka ufunguo, na kuyasaidia yakae. Ya zamani yaliyokwisha kukaa hayategemei sana kipande hicho, yametawanyika kwenye sehemu nyingine za ubongo.

Hilo tulilijua kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari alimpasua kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison aliyesumbuliwa na kifafa kikali, akamwondolea sehemu hizo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika jambo jipya. Ya utotoni aliyakumbuka. Mtaalamu aliyemfuatilia, Brenda Milner, alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku Henry alisema hajawahi kufanya kitu kama hicho, na kila siku mkono wake ulichora vizuri kuliko jana. Mikono ina kumbukumbu yake, na inatunzwa mahali pengine kwenye ubongo. Likumbuke hili, nitalirudia.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio mwingi kati ya magonjwa ya kusahau ya uzeeni, hipokampasi ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuharibika. Ndiyo maana mama anauliza lile lile. Jibu lako halikumkera wala hakulipuuza, halikupata pa kukaa. Lakini mbuzi wa ujana wake wamo, na zamu ya kuwarudisha zizini imo. Giza likiingia, macho hayaoni vizuri na mwili umechoka, ubongo ulioumia unashika kile kilichobaki imara. Mama anaamka mwaka wa zamani, anaona jua limezama na mbuzi hawajarudi. Ungekuwa wewe usingetoka?

Matusi nayo yana mahali pake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki yetu. Neno linakuja mdomoni, breki inalizuia. Breki ikilegea, neno linatoka. Na vitenge anavificha mwenyewe, anasahau kwamba ameficha, na akili inayotafuta maelezo inamwona wifi aliye karibu. Mwambie wifi yako hivyo, tena kwa upole, maana nina hakika analia peke yake. Wasioishi na mgonjwa hawatukanwi, anayetukanwa ni yule anayemwogesha.

Kaka yako akisema karogwa, msimulie habari ya Auguste Deter. Mwaka 1901 alipelekwa hospitali mjini Frankfurt, Ujerumani, akiwa na miaka 51. Alikuwa anaburuta mashuka nyumbani, anaficha vitu, anapiga kelele usiku, anamtuhumu mumewe. Daktari wake aliitwa Alois Alzheimer. Auguste alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta umesinyaa, una madoa ya uchafu wa protini katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Vituko vyake ni vile vile vya mama yako, na Frankfurt hakuna jirani yenu.

Wala asikwambie kuwa basi ni ugonjwa wa Wazungu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini kupima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban 6 kati ya kila 100 wana dimensia, yaani magonjwa haya ya kusahau. Maana yake hata vijijini mama yako hayuko peke yake.

Lakini ngoja. Hatujui bado kama mama ana Alzheimer, na hapa ndipo ninapokusihi uache cherehani siku mbili. Kuna mambo yanayofanana kabisa na dimensia na yanatibika, na barua yako ina manne niliyoyapigia mstari.

La kwanza ni lile anguko la bafuni. Mzee akigonga kichwa, hata kidogo tu, mshipa mwembamba unaweza kuvuja damu taratibu kati ya fuvu na ubongo. Hakuna kinachoonekana siku hiyo. Wiki kadhaa baadaye anazidi kuchanganyikiwa, anasinzia, pengine mguu unaburuta. Umesema amezidi tangu siku ile na mchana anasinzia. Hiyo inahitaji kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, na inahitaji mapema. Damu ikikutwa, inaweza kutolewa kwa upasuaji, na nimewaona wazee wakirudi kuwaita wajukuu kwa majina. Ukisikia anatapika, au haamki hata akiamshwa, au upande mmoja umelegea, usisubiri kliniki, mkimbize usiku huo huo.

La pili ni Piriton. Vidonge vile vya mafua na aleji vinaleta usingizi kwa sababu vinaingia kwenye ubongo, na huko vinazuia kemikali moja ambayo kumbukumbu inaitegemea. Mgonjwa wa Alzheimer tayari ana upungufu wa kemikali hiyo hiyo. Kwa mzee, Piriton huleta kuchanganyikiwa, mkojo kugoma na kuanguka. Wifi alitaka mama alale, hakukusudia ubaya. Viachwe, na daktari aambiwe kwamba alikuwa anavimeza.

La tatu ni metformin. Ni dawa nzuri na asiiache. Ila ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 unaleta kusahau, ganzi za miguu na hasira. Ombeni apimwe, tiba yake ni sindano au vidonge. Na umwulize daktari kama sukari yake hushuka sana, hasa ikiwa kuna dawa nyingine ya kisukari anayomeza pamoja, maana sukari ikishuka usiku mtu huzungumza mambo yasiyoeleweka.

La nne, presha anayoiruka. Ubongo una kilo moja na robo au moja na nusu hivi, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote tunazotumia tukiwa tumetulia. Chakula hicho chote kinapita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Presha ya juu ya miaka mingi inaikaza na kuiziba mishipa hiyo mmoja mmoja. Kila unaoziba ni kiharusi kidogo ambacho hakuna aliyekiona. Presha haiumi, ndiyo maana mama anaacha dawa akijisikia mzima. Lakini kujisikia mzima si dalili kwamba presha imeshuka.

Pamoja na hayo wampime mkojo, maana UTI peke yake inaweza kumfanya bibi aongee na ukuta, wampime tezi ya thairoidi, kaswende na VVU, na wamwangalie masikio na macho. Haya mawili ya mwisho watu huyadharau. Masikio yaliyojaa nta humfanya mzee ajibu yasiyoulizwa, na tunamwona kachanganyikiwa. Macho mekundu, ambayo kijiji kimeyafanya ushahidi, mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka sitini au ugonjwa wa macho unaotibika kwa dawa ya matone. Mtibuni macho, mtakuwa mmepunguza na maneno.

Anzeni hospitali ya wilaya, dirisha la wazee, mkaombe rufaa ya kipimo cha CT. Nendeni na dawa zake zote kwenye mfuko, hata za mitishamba, na uandike kwenye karatasi tarehe za mambo uliyonieleza mimi. Daktari ana dakika chache, karatasi yako itamsaidia kuliko maelezo ya kaka yako aliyekasirika. Pesa anazotafuta kwa ajili ya mganga zitatosha CT au zitakaribia.

Kamba, mwanangu, ifunguliwe leo. Mtu aliyefungwa mguu akiamka na hofu anajivuta mpaka anaanguka na kitanda, na kufuli siku ya moto ni jeneza. Badala yake fungeni kengele au makopo matupu kwenye mlango ili mtu aamke. Weka komeo dogo chini kabisa ya mlango, karibu na sakafu, maana mgonjwa hutafuta pale alipozoea. Acheni taa ndogo ikiwaka ya kuelekea chooni. Mchana msimwache asinzie saa nzima nzima, atoke juani, atembee na mjukuu.

Na mpeni kazi. Nilikuambia mikono ina kumbukumbu yake. Nimewahi kumpa bibi asiyejua jina langu wala siku ungo wa mchele, akanyamaza, akaanza kupepeta. Vidole vilitoa kijiwe kimoja baada ya kingine, havikukosea, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama apewe mchele, maharage ya kuambua, nguo za kukunja hata kama utazikunjua na kumpa tena. Jiko la moto tu ndilo asiachiwe peke yake. Huko Hai walijaribu kuwakusanya wazee wenye dimensia kwenye vikundi vidogo, wakazungumza habari za zamani, wakaimba, wakashika vitu wanavyovijua, na uwezo wao wa akili ulipimwa ukaonekana kupanda. Hata ikithibitika kuwa ni Alzheimer na kwamba hakuna dawa ya kuuponya, mama bado ana mengi ya kufanyiwa.

Akisema mbuzi wamechelewa, msimwambie waliuzwa mwaka 1998 na baba amefariki. Kwake hiyo ni habari mpya ya msiba kila usiku. Mwulize ni wangapi, yupi mkaidi, nani alimpa wa kwanza. Mshike mkono mrudi ndani mkiwa mnawahesabu.

Sasa wewe. Kusahau namba ya kiuno ukiwa njiani kwenda kwenye daftari si hipokampasi inayokufa. Namba ile haikuwahi kufika huko. Ubongo una meza ndogo ya kazi, inabeba mambo machache kwa wakati mmoja, na meza yako imejaa kamba, kufuli na maneno ya sokoni. Mgonjwa wa dimensia husahau kwamba alimpima mteja. Wewe unakumbuka mteja, nguo na siku ya kuichukua, umepotelewa na namba tu. Andika namba ukiwa bado umeshika tepu, basi.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Tukilala, hipokampasi hurudia mambo ya mchana na kuyakabidhi kwenye sehemu za kudumu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, wewe unaupa ubongo saa nne halafu unaudai kumbukumbu. Kubalianeni zamu na kaka yako na ndugu wengine. Mama hana mtoto mmoja tu.

Kuhusu kurithi: ipo aina ya Alzheimer inayopita moja kwa moja kutoka kwa mzazi, lakini ni adimu na huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65. Mama yako ameanza akiwa na zaidi ya 70. Kuwa na mzazi mgonjwa huongeza uwezekano kiasi, hakukuandikii hukumu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu 45 kati ya kila wagonjwa 100 wa dimensia wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Humo kuna presha, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji sigara, pombe nyingi, unene, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, sonona, upweke, moshi na hewa chafu, masikio yasiyosikia na macho yasiyotibiwa. Jingine ni elimu ndogo utotoni, kwa hiyo wanao watatu kuwepo darasani nako ni kutunza ubongo.

Wewe unakaa kwenye cherehani siku nzima. Huko Marekani waliwachukua wazee 120, nusu yao wakatembea dakika 40 siku tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja, nusu wakajinyoosha viungo tu. Utafiti ulitoka mwaka 2011: hipokampasi za waliotembea zilikuwa zimeongezeka kama asilimia 2, za wenzao zimepungua. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla. Na vidonge vya "kusafisha ubongo" vinavyouzwa stendi kwa kipaza sauti, pita.

Halafu ile 158 kwa 96. Kipimo kimoja siku ya wasiwasi hakitoshi kukuita mgonjwa, lakini kiko juu ya 140 kwa 90 na huwezi kukiacha. Kapime siku tatu tofauti, asubuhi, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea na mkono uko mezani. Ziandike namba zote kwenye daftari lile lile la viuno vya wateja, na siku ya kumpeleka mama, lichukue uingie naye kwa daktari. Kisha niandikie, uniambie zilisomaje zote mbili, yako na ya mama.

Shangazi